Machipukizi shambani na kwenye parsele: yapi yabaki, yapi yatoke, na panga isafishwe namna gani

Mvua inaporudi, mashamba ya Kivu na Ituri yanabadilika haraka. Pembeni ya kila mgomba watoto wanatoka udongoni. Kwenye kahawa, vijiti vya kijani vinasimama wima katikati ya matawi. Na kwenye mchungwa au avoka ya grefe, tawi jipya linatoka chini kabisa, karibu na udongo, linakua mbio kuliko mti wenyewe. Mkulima anabeba panga, anapita anakata.

Kazi hiyo inaonekana nyepesi, mara mingi inaachiwa watoto wakitoka masomoni. Kumbe ni hapo shamba linaweza kupotea. Kuna wanaokata chipukizi lililopaswa kubaki. Kuna wanaoacha lile linalokula mti. Na kuna wanaobeba ugonjwa kwa panga, kutoka mgomba hadi mgomba, mpaka shamba la jirani. Kwa jamaa inayolipa masomo na dawa kwa feza ya ndizi, kasiksi au kahawa, hiyo si hasara ndogo.

Kuna maswali mawili ambayo mkulima anajiuliza mbele ya kukata: chipukizi hili linatoka wapi? Na panga hii ilikata nini mara ya mwisho?

Chipukizi linatoka wapi

Si kila chipukizi ni adui. Mgomba mmoja unazaa mkungu mmoja tu, kisha unakufa. Bila mtoto pembeni yake, shamba la ndizi linaisha. Kwa hiyo kwenye ndizi swali ni watoto wangapi wabaki, na wapi.

Kwenye kahawa mambo ni tofauti. Mti unaishi miaka mingi, na chipukizi linalosimama wima linachukua chakula cha matawi yanayozaa. Linaondolewa, isipokuwa pale mkulima anapotaka shina jipya.

Kwenye mti wa grefe, chipukizi linalotoka chini ya mahali pa grefe si mtoto wa mti uliopandwa. Ni mti mwingine kabisa. Hilo halibaki hata siku moja.

Ndizi: mama, mtoto na mjukuu

Watoto wa ndizi wanatoka kwenye kitako cha mgomba, ile sehemu nene iliyo chini ya udongo. Migomba yote inayotoka kwenye kitako kimoja ni fungu moja. Fungu likiachwa bila kupunguzwa, linaweza kufikisha migomba 8 au 10 iliyobanana. Majani yanakuwa mengi, kwa macho shamba linapendeza, lakini mikungu inakuwa midogo, na upepo unaangusha migomba kwa urahisi.

Kanuni inayofuatwa na wengi ni kuacha migomba 3 kwa kila fungu: mama anayebeba mkungu ao aliye karibu kuutoa, mtoto aliyefika nusu ya urefu wake, na mjukuu aliye bado mdogo. Mama akivunwa, mtoto anachukua nafasi yake. Hivi mkulima anapata mavuno yanayofuatana badala ya kungoja.

Namna ya kumtambua mtoto mzuri ni hii:

- Majani yake ya kwanza ni membamba, yamesimama kama ncha ya mkuki. Chini ni mnene, juu ni mwembamba. Ameshikana vizuri na kitako cha mama. Huyu ndiye wa kubakiza, na ndiye anayefaa pia kwa mbegu.
- Mtoto mwenye majani mapana akiwa bado mfupi, na shina lake jembamba kutoka chini mpaka juu, ni dhaifu. Ameshikana kidogo tu na mama, na mara mingi mkungu wake unakuwa mdogo. Huyu anaondolewa.
- Mtoto anayeanza tu kutokeza kichwa udongoni bado hawezi kuhukumiwa. Anaweza kungojewa majuma machache.

Tena kuna swali la upande. Ni vizuri kuchagua watoto wanaotoka upande uleule katika shamba lote, kwa mfano upande wa juu wa mlima. Hivi mafungu yanatembea pamoja na mistari haiharibiki. Kwenye shamba lililopandwa kwa mita 3 kwa mita 3, hektari moja inabeba mafungu 1111. Kila fungu likienda upande wake, nyuma ya miaka michache njia zinapotea na migomba inafunikana.

Kumwondoa mtoto ili asirudi

Kosa la kawaida ni kukata mtoto juu na kuondoka. Nyuma ya siku chache jani jipya linatoka katikati, sababu moyo wa mtoto uko chini, karibu na udongo, na panga haikuufikia.

Namna inayofaa ni kukata usawa wa udongo, kisha kuchoma katikati ya mkato kwa chuma chenye ncha, kama baramini ndogo, na kuzungusha mpaka ule moyo mweupe uharibike. Kisha shimo linafunikwa kwa udongo. Kufunika ni lazima, sababu harufu ya mkato mbichi inavuta fukusi wa ndizi, yule mdudu mweusi ambaye watoto wake wanatoboa kitako.

Kama mtoto anatolewa kwa mbegu, anachimbwa pamoja na kitako chake, bila kujeruhi mama kupita kiasi. Mizizi yake inakatwa na sehemu nyeusi zinachongwa mpaka kitako kibaki cheupe. Kuna njia nyepesi ya kuua fukusi na minyoo midogo ya mizizi: kitako kilichochongwa kinatiwa katika maji yanayochemka kwa sekunde 30, kisha kinatolewa. Lakini maji hayo hayaponyi magonjwa yaliyo ndani ya mgomba. Mbegu ya shamba lenye ugonjwa inabaki mbegu ya ugonjwa, hata ikionekana nzuri.

Pale panga inapokuwa adui

Ugonjwa wa kunyauka kwa migomba, ambao wengi wanauita wilt, unaletwa na bakteria. Ulijulikana kwanza nchini Etiopia, kwenye mmea wa ensete unaofanana na mgomba. Mwaka 2001 ulionekana nchini Uganda, na katika miaka hiyo hiyo ukaonekana pia Masisi, Kivu ya Kaskazini. Kutoka hapo ulienea katika teritware mbalimbali za Kivu mbili na Ituri. Haushiki mtu. Lakini unaacha jamaa bila chakula na bila feza, sababu hakuna dawa ya kuuponya mgomba ulioshikwa.

Dalili zake zinaonekana kwa macho:

- Majani yanakuwa ya manjano na yananyauka, kama yamepita karibu na moto, hata pasipo jua kali.
- Ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu linakauka na kujikunja.
- Ndizi zinaiva mbele ya wakati na bila mpango, nyingine za manjano, nyingine bado za kijani.
- Ukipasua ndizi, ndani iko na madoa ya rangi ya kutu.
- Ukikata shina, nyuma ya dakika chache yanatoka maji mazito ya manjano, kama usaha.

Bakteria hao wanaenezwa na wadudu wanaotembelea maua, na mbegu zinazotoka mashamba yenye ugonjwa, na mbuzi ao ng'ombe wanaokula majani ya mgomba mgonjwa kisha mzima. Lakini njia ambayo mkulima mwenyewe anaishika mkononi ni panga. Anakata mtoto kwenye fungu lenye ugonjwa uliojificha, anapita kwenye lingine na chuma kilekile, na ile kazi ya kusafisha shamba inakuwa kazi ya kulipandikiza ugonjwa.

Kwa sababu hiyo, mbele ya kupunguza watoto, mkulima anatembea kwanza katika shamba lote na mikono mitupu. Anatazama majani, maua na ndizi. Kama hakuna dalili, kazi inaanza, na panga inasafishwa kila fungu. Kama dalili ziko, kupunguza watoto kunasimama kwanza, sababu kila mkato ni mlango wa ugonjwa.

Kusafisha panga

Kuna njia mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni moto. Panga inawekwa kwenye moto mpaka iwe ya moto sana hata mkono hauwezi kuigusa. Kupitisha chuma juu ya moshi hakusaidii. Ya pili ni javeli. Sehemu 1 ya javeli inachanganywa na sehemu 5 za maji ndani ya ndoo, na panga inatiwa humo mbele ya kwenda kwenye fungu lingine. Udongo na utomvu vinapanguswa kwanza, sababu javeli inapoteza nguvu ikikutana na uchafu. Maji hayo yanabadilishwa kila siku ya kazi.

Kusafisha kwa majani, kwa majivu peke yake ao kwa kupangusa kwenye suruali si kusafisha.

Wenye mapanga mawili wanapata nafuu: moja iko motoni, nyingine inafanya kazi. Na panga ya kuazima ni ya kuogopewa kabisa. Mkulima anayekwenda kufanya kazi ya kulipwa katika mashamba matatu kwa siku anaweza kubeba ugonjwa bila kujua. Mwenye shamba ana haki ya kumwomba achome panga yake mbele ya kuingia, bila hiyo kuwa matusi.

Shamba likishashikwa

Zamani shauri lilikuwa moja: kung'oa fungu lote, kulizika, na kungoja miezi 6 mbele ya kupanda tena. Kwa jamaa yenye shamba dogo, na mikono michache, hilo lilikuwa zito. Wengi waliacha tu.

Kisha utafiti ulionyesha kwamba mgomba mmoja ukishikwa, si lazima watoto wote wa fungu wawe wameshikwa. Hapo ikatoka njia nyingine, ambayo ilijaribiwa na wakulima wa Kivu ya Kusini: kukata tu ule mgomba unaoonyesha dalili, usawa wa udongo, kwa panga iliyochomwa. Fungu linabaki. Mkulima anarudi kila juma, anakata mwingine ukionyesha dalili, na anaendelea hivyo miezi mingi bila kuchoka. Ugonjwa unashuka polepole, na shamba linaendelea kuleta chakula.

Njia hii inaenda pamoja na mambo mengine matatu. Ua jekundu linavunjwa kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, mara tu kichane cha mwisho kinapoonekana, ili wadudu wasikute mlango. Mifugo haiingii katika shamba. Na hakuna mbegu inayotoka humo, hata kwa zawadi. Tena majirani wakifanya pamoja ndipo matokeo yanaonekana. Shamba moja safi katikati ya matano yenye ugonjwa halidumu.

Hilo linawagusa sana wale wanaorudi vijijini nyuma ya kukimbia vita. Wanakuta ndizi zimekuwa pori, mafungu yamejaa watoto. Haraka ya kusafisha inaeleweka, sababu watu wako na njaa. Lakini shamba lililokaa bila mwenyewe ndilo la kutazamwa sana mbele ya panga kuingia.

Kuna pia ugonjwa mwingine wa watoto wa ndizi, ulioonekana kwenye bonde la Ruzizi na kwingineko nchini, unaoletwa na virusi na kuenezwa na wadudu wadogo wa majani pamoja na mbegu. Mtoto anabaki mfupi, majani yanasimama wima na kubanana juu kama mashada, kingo zake ni za manjano. Mtoto wa namna hiyo hatazaa. Hapa kukata shina moja hakutoshi: fungu lote linang'olewa, sababu virusi iko ndani ya kitako.

Kahawa: vijiti vinavyosimama wima

Arabika inalimwa kwenye milima inayozunguka ziwa Kivu, Idjwi na Kalehe ikiwemo. Robusta inalimwa kwenye sehemu za chini na za joto, kama upande wa Beni. Kwenye zote mbili, machipukizi yasiyohitajika yanaitwa gourmands, jina la Kifaransa linalomaanisha walafi. Jina linafaa.

Kuyatambua si kazi ngumu. Tawi linalozaa kahawa linalala upande. Gourmand linasimama wima, sawa na shina, na linatoka kwenye shina lenyewe. Majani yake ni makubwa, rangi ya kijani laini, na halionyeshi maua. Likiachwa, linafanya mti uwe kichaka, jua haliingii, matunda yanapungua, na unyevu unakaa ndani na kualika magonjwa.

Yakiwa bado laini, yanavunjwa kwa mkono, kwa kuvuta kuelekea chini, ili yatoke pamoja na kitako chake. Hivyo hakuna chuma, hakuna kidonda kikubwa. Yakishakuwa magumu inabidi mkasi ao msumeno, na kidonda kinakuwa kikubwa. Ndiyo maana kupita shambani kila mwezi ao miezi miwili wakati wa mvua kunapunguza kazi.

Hapa kuna kosa linaloumiza: kukata tawi la kulala kwa kudhani ni gourmand. Tawi hilo likikatwa kwenye shina halirudi tena mahali pale. Mkulima anabaki na shina tupu.

Gourmand linakuwa la maana pale mti umezeeka. Nyuma ya mavuno, shina la zamani linakatwa kwa mshazari, kama sentimita 30 kutoka udongoni, ili maji ya mvua yasikae juu ya kisiki. Machipukizi mengi yanatoka. Yanachaguliwa 2 ao 3 yenye nguvu, yaliyoachana, na mengine yanavunjwa. Mavuno yanangojewa miaka miwili hivi. Kwa hiyo mwenye akili hakati miti yote mwaka mmoja. Anakata sehemu moja ya shamba kila mwaka, ili feza ya kahawa isikatike nyumbani.

Wakulima wa Beni na Ituri wenye umri wanakumbuka ugonjwa uliokausha Robusta katika miaka ya 1980 na 1990, ambao Wafaransa wanauita trachéomycose. Unaletwa na kuvu inayoingia kwa vidonda vya shina. Huko pia panga na msumeno zilitajwa. Mti unaokauka ghafla, na chini ya ganda lake kuna michirizi myeusi, haukatwi machipukizi. Unang'olewa na kuchomwa palepale.

Avoka, mchungwa na muembe wa grefe

Mti wa grefe ni miti miwili iliyounganishwa. Chini kuna mzizi wa mti mgumu. Juu kuna tawi la mti unaopendwa kwa matunda yake. Mahali walipounganishwa panaonekana kama kovu ao kifundo, mara mingi sentimita 15 mpaka 30 kutoka udongoni kwenye mche mdogo.

Kila kitu kinachotoka juu ya kovu ni mti ulionunuliwa. Kila kitu kinachotoka chini yake ni mzizi unaojaribu kurudi. Kwenye machungwa, mara nyingi inatambulika kwa miiba mirefu na majani yasiyofanana na ya juu. Kwenye avoka na muembe majani yanafanana sana, kwa hiyo kovu ndilo linalosema ukweli.

Chipukizi hilo likiachwa, linakua haraka kuliko grefe, linaifunika, na mwisho grefe inakauka. Mwenye parsele anangoja miaka, akijua amepanda mchungwa mtamu, kisha anavuna matunda machungu. Analaumu mwuzaji wa miche, kumbe mti aliouziwa ulikufa akiutazama.

Dawa ni kufukua udongo kidogo mpaka mahali chipukizi linapotoka, na kulivunja kwa mkono likiwa bado dogo. Likikatwa juu juu, kwenye kisiki chake yanatoka mengine mawili ao matatu. Tena mche wa grefe unapandwa kovu likiwa juu ya udongo. Kovu likizikwa, mkulima hawezi tena kujua kipi ni kipi.

Kisiki kisichotaka kufa

Kwenye parsele za mjini, shida nyingine ni mti uliokatwa ukaanza kurudi, kama mkalitusi. Anayetaka mbao ao makala anaacha machipukizi 2 ao 3 yaliyonyooka na kuondoa mengine. Anayetaka mti upotee kabisa anavunja yote, kila yanapotoka, bila kuacha hata moja likue. Kisiki kinaishi kwa chakula kilichowekwa katika mizizi. Bila majani, chakula hicho kinaisha, hata kama inachukua zaidi ya mwaka.

Mambo ya kukumbuka

Kutembea shambani mara moja kwa mwezi wakati wa mvua kunatosha kwa jamaa nyingi. Mkulima anaanza kwa macho, kisha mkono, na panga inakuja mwisho. Machipukizi laini yanavunjwa. Watoto wa ndizi wanaondolewa pamoja na moyo wao, mafungu yanabaki na mama, mtoto na mjukuu. Majani na mashina mazima yanatandazwa katikati ya mistari kulinda udongo, lakini ya mgomba mgonjwa hayatoki shambani wala hayapewi mifugo.

Na kila anapohama kutoka fungu moja kwenda lingine, panga inapita motoni ao kwenye javeli. Ni dakika moja kwa fungu. Shamba la ndizi lililokufa linachukua zaidi ya mwaka kurudi.